Sura ya Nne: Laikipia Katika Mwaka Mbaya

Aprili 2020 barabara za kuingia na kutoka Nairobi zilifungwa, na kwa miezi mitatu aliyekuwa mjini alibaki mjini na aliyekuwa kijijini alibaki kijijini. Miaka 12 kabla ya hapo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vizuizi vya barabarani kuanzia Naivasha hadi Eldoret vilizuia malori, na mafuta yakaadimika mpaka Kampala na Kigali. Katikati ya 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200. Mtu aliyeyapitia haya yote akiwa kwenye nyumba ya kupanga, maji ananunua kwa mtungi na unga ananunua dukani, ana haki ya kutamani mahali ambapo siku mbaya ikija itamkuta na maji yake, mahindi yake na ng'ombe wake.

Wengi wa watu hawa hutazama Laikipia, na si vigumu kuelewa kwa nini. Nanyuki iko karibu kilomita 200 kutoka Nairobi kwa barabara ya lami, na tangu 2020 treni imerudi. Hewa ni baridi na safi, mbu ni wachache, Mlima Kenya unaonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Kaunti ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,500, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 518,560 tu. Hiyo ni kama watu 55 kwa kila kilomita ya mraba, na ukitoka Kiambu au Vihiga, ambako shamba la familia limegawanywa mpaka mama anapanda sukuma wiki ukutani mwa jikoni, Laikipia huonekana kama nchi iliyosahauliwa na watu. Madalali wanalijua hilo. Matangazo ya ploti yamejaa: futi hamsini kwa mia, hati tayari, mlima unaonekana, lipa polepole.

Nimeipenda kaunti hii kwa miaka mingi, na kwa sababu naipenda nataka niiseme kama ilivyo. Wanaoniuliza kama inafaa huniuliza kuhusu mwaka mzuri: mvua ni kiasi gani, ekari inatoa magunia mangapi, soko liko wapi. Lakini anayejiandaa na shida hanunui mwaka mzuri. Ananunua mwaka mbaya, na mwaka mbaya wa Laikipia una sura yake ambayo ni lazima ijulikane kabla ya senti moja kutoka mfukoni.

Kwanza niondoe kosa moja ambalo wengi hulipata kwenye vitabu vya Marekani. Huko kuna watu wengi wanaohamia mashambani kwa kuogopa siku mbaya, na mwaka 2011 mwandishi wao mmoja maarufu, James Wesley Rawles, aliwashauri wakimbilie majimbo ya milimani, Idaho, Montana, Wyoming na sehemu za mashariki za Oregon na Washington. Kipimo chake kikubwa ni uchache wa watu. Kadiri watu walivyo wachache kwa maili ya mraba, ndivyo mahali panavyohesabiwa kuwa salama. Nimewasikia Wakenya wakikirudia kipimo hiki kama sheria, na kwa Laikipia ni kipimo cha hatari. Hapa uchache wa watu una historia, na historia hiyo haijaisha.

Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa kwenye mkataba uliowatoa Bonde la Ufa na kuwapa Laikipia iwe yao. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa Laikipia yenyewe na kuwahamishia kusini, ili ardhi igawiwe walowezi. Baada ya uhuru, walowezi wengi walipoanza kuondoka, makampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi vilikusanya pesa za wanahisa wadogo, wengi wao kutoka Mkoa wa Kati, vikanunua mashamba makubwa na kuyakata vipande vya ekari mbili, tano, kumi. Ramani zilichorwa ofisini. Mstari ulipita penye maji na penye mwamba bila kujali. Wanahisa waliopata vipande kwenye uwanda mkavu walikuja, wakaangalia, wakarudi nyumbani na cheti mfukoni. Vipande hivyo vipo hadi leo, maelfu kwa maelfu, na wenyewe hawapo. Nyasi zake huliwa na mifugo ya wafugaji ambao, kwa hesabu yao, walikuwa hapa kabla ya ramani yoyote.

Kwa hiyo unapoona tambarare pana isiyo na nyumba, usidhani ni ya bure. Ni malisho ya akiba ya mtu. Mwaka wa mvua hutamwona. Atakuja mwaka mbaya, mwaka uleule uliohamia kaunti hii kujikinga nao.

Ukame wa hivi karibuni uliotuonyesha haya yote ni ule ulioanza na vuli ya 2020, misimu mitano mfululizo ikashindwa mpaka mwisho wa 2022. Kabla yake kulikuwa na ukame mwingine, ukiwemo ule wa 2000, ambapo wafugaji walipandisha ng'ombe mpaka kwenye misitu ya Mlima Kenya kutafuta majani, na ule wa 1984. Mtu wa miaka 50 aliyezaliwa Laikipia ameuona wote. Ukinunua shamba ukiwa na miaka 35, panga kuona mwingine kama huo mara mbili au tatu.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo wengi hushindwa.

Mvua ya Laikipia haifanani kutoka kilima hadi kilima. Kusini, karibu na Mlima Kenya na safu za Aberdare, na magharibi huko Marmanet, inatosha kulima. Ukishuka kwenye uwanda, mlima unakinga mawingu, na mvua ya mwaka inateremka mpaka milimita 400 hivi sehemu za kaskazini. Tena majira yenyewe yanatofautiana: upande wa mashariki hutegemea masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, lakini magharibi hupata pia mvua ya Julai na Agosti, na mvua hiyo ya katikati ya mwaka ndiyo inayofanya mahindi ya Marmanet yakomae. Anayesema "Laikipia hupata milimita 650" amezungumza juu ya mahali ambapo hakuna anayeishi.

Hesabu ya paa ni rahisi na kila mnunuzi aifanye mwenyewe kwa kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya wastani yenye vyumba vitatu na baraza ina paa la mita za mraba 100. Mahali pa milimita 650, paa hilo hupokea lita 65,000 kwa mwaka, na ukitoa sehemu ndogo inayomwagika, inayokauka na ile ya kwanza inayosafisha vumbi, tuseme asilimia 20, zinabaki lita 52,000. Familia ya watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kiwango cha kubana, inahitaji lita 36,500 kwa mwaka. Inatosha, na inabaki ya bustani ndogo. Sasa weka mwaka wa milimita 350. Unavuna lita 28,000. Umepungukiwa na miezi karibu mitatu, na bado ng'ombe hajanywa. Ng'ombe wawili wa maziwa wakinywa lita 50 kila mmoja kwa siku, na wakikamuliwa vizuri hunywa zaidi, wanakunywa sawa na familia nzima.

Jumla ya mwaka, hata hivyo, haisemi yote. Kitu kinachomkausha mtu ni urefu wa kungoja. Upande wa mashariki, kutoka mwisho wa masika hadi vuli kuanza ni kama siku 130. Kwa lita 100 kwa siku unahitaji tangi la lita 13,000 lililojaa siku mvua inapokatika. Vuli ikishindwa, unangoja mpaka masika mengine, karibu siku 300, na hapo unahitaji lita 30,000. Tangi jeusi la plastiki la lita 10,000 ambalo kila tangazo la ploti hulipiga picha litakutoa Juni mpaka mapema Septemba. Baada ya hapo utakuwa kwenye foleni ya boda boda wa kuleta mitungi, nao mwaka mbaya huongeza bei.

Wengine husema watachimba kisima. Ni sawa, ila kisima cha mashine kwenye miamba ya volkano huenda chini sana, na maji yake mara nyingi hubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ukitaka kujua kabla ya kulipa maabara, tembelea shule ya msingi iliyo karibu na kisima cha zamani, uwasalimu watoto. Meno yenye madoa ya kahawia yatakueleza. Kisha lipa maabara hata hivyo.

Na wengine hutegemea mto. Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu mto ndio ulionifundisha kuipima kaunti hii.

Mito midogo inayotoka Mlima Kenya na Aberdare, Nanyuki, Likii, Burguret, Naro Moru, Ngobit, yote huingia Ewaso Nyiro, ambao hupita Laikipia, ukafika Archers Post, ukaendelea mpaka kwenye kinamasi cha Lorian na kuishia huko. Tangu miaka ya 1960 maji ya kiangazi yamekuwa yakipungua sana kadiri mashamba, miji na, kuanzia miaka ya 1990, mashamba ya maua na mboga za kuuzwa Ulaya yalivyoongezeka huko juu. Kuna miaka mto umekauka kabisa sehemu za chini. Sheria ya Maji ya 2002 ilizitambua jumuiya za watumiaji maji, na nazo zimefanya kazi ya maana sana: zinakaa, zinagawana zamu, zinafunga mabomba ya wanaoiba, zinawaleta pamoja mwenye shamba la maua na mfugaji aliyekuja na ng'ombe wenye kiu. Bila jumuiya hizi watu wangeuana zaidi.

Twende Februari kwenye mmoja wa mito hiyo, mahali pa kuchukulia maji. Kuna ukuta mdogo wa zege unaokata mto, na juu yake mabomba meusi yamelala safu kama vidole, mengine ya unene wa mkono, mengine ya paja. Mita chache juu yake, chini ya matawi yaliyokatwa na kulazwa kwa makusudi, kuna pampu ya petroli. Huioni, lakini unaisikia harufu. Upande wa juu wa ukuta maji ni kijani na yamesimama. Upande wa chini mawe yamekauka yakawa meupe, na matope yana alama za kwato tu. Mzee anayelinda mahali hapo kwa niaba ya jumuiya alinionyesha daftari la zamu, kijiji kwa kijiji, saa kwa saa.

"Na hawa wa mwisho kabisa, mzee, zamu yao ni lini?"

"Hao wanangojea mvua, mwanangu."

Ploti nyingi zinazouzwa leo kama "karibu na mto" ni za hao wa mwisho. Kwa hiyo swali la kumuuliza dalali si kama kuna mto. Muulize ni akina nani walio juu yako, wanachukua kiasi gani, na jumuiya ya mto huo inakutana lini ili uende ukasikilize. Nenda Februari au Septemba, usiende Mei. Mei Laikipia yote ni kijani na kila mto unaimba.

Chakula kinafuata maji, na hapa hesabu ya ploti ya hamsini kwa mia inavunjika yenyewe. Mtu mzima anayekula ugali na githeri humaliza karibu gunia moja la kilo 90 kwa mwaka. Familia ya watano ni magunia matano, weka la sita kwa kuku na wageni. Ekari iliyolimwa vizuri na mkulima mdogo, mwaka mzuri, hutoa magunia 8 hadi 15. Ploti ya hamsini kwa mia ni kama sehemu moja ya nane ya ekari, na ukitoa nyumba, choo, tangi na njia, inabaki nusu yake. Gunia moja, tena mwaka mzuri. Ni mahali pazuri pa kuwa na nyumba na bustani ya mboga, na sina neno baya juu ya anayetaka hivyo, lakini mtu asimwambie mwenzake kwamba hapo atajilisha.

Tena mahindi ya Laikipia hayana haraka. Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, usiku ni baridi, na aina za nyanda za juu hukaa shambani miezi sita hadi minane. Aina fupi huwahi, ila huzaa kidogo. Ina maana una nafasi moja kwa mwaka. Ikiharibika, hakuna ya pili mpaka mwaka mwingine. Na mambo ya kuiharibu si mvua peke yake: viwavijeshi vamizi waliingia 2017, nzige wa jangwani walifika mapema 2020. Kwa hiyo anayejiandaa alime akihesabu miaka miwili, mmoja wa kula na mmoja wa kuweka. Hapo unahitaji ekari mbili za mahindi na maharagwe, nusu ekari ya viazi na njahi, na eneo la majani ya ng'ombe. Ukijumlisha na boma, unakaribia ekari tano. Chini ya hapo, Laikipia haimlishi mtu mwaka mbaya, labda uwe kwenye mkanda wa juu wenye mvua kabisa.

Kuweka mahindi miaka miwili ni ujuzi wa pekee, na watu wa mjini huudharau. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 huko Ukambani, wengi Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Punje lazima ishuke mpaka unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kufungwa. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo kavu yenye mdomo mpana, tia kikombe cha mahindi na vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Isipoganda, yaanike siku nyingine mbili kwa usalama, ndipo uyafunge kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Magunia hayo pia ndiyo dawa ya dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi wa Kenya humwita Osama. Nimefungua ghala lililokaa miezi minne bila kinga: gunia lilionekana limejaa, nikaweka mkono, ukazama mpaka kiwikoni ndani ya unga. Punje zilizobaki zilikuwa maganda matupu yenye vijitundu.

Upande wa mifugo kaunti ni nzuri, pengine nzuri kuliko kwa kilimo. Mbuzi na kondoo hustahimili, maziwa yana soko Nanyuki na Nyahururu. Kupe ni tatizo karibu na nyati, kwa hiyo uogeshaji usikose. Kuni zipo, leleshwa humea hata pasipotakiwa, na jua la ikweta linatosha kuwasha taa na kuvuta maji. Hospitali kubwa ziko mijini. Pima muda wa kufika usiku wa mvua kwenye udongo mweusi, kwa sababu udongo ule ukilowa hata pikipiki hulala.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wauzaji hulipita kimya: usalama.

Mapema 2017, ukame ukiwa mkali na uchaguzi ukikaribia, maelfu ya ng'ombe walivunjiwa nyua na kuingizwa kwenye ranchi na mashamba madogo ya Laikipia. Watu waliuawa, wakubwa na wadogo. Magazeti ya nje yaliandika kuhusu ranchi za Wazungu, lakini waliolala msituni na watoto wao walikuwa wakulima wa ekari mbili na tatu. Septemba 2021 Ol Moran iliwaka, nyumba zikachomwa, shule zikafungwa, serikali ikatangaza kafyu. Februari 2023 Laikipia ikawa mojawapo ya kaunti sita ambazo maeneo yake yalitangazwa kuwa yenye vurugu na hatari kwa sababu ya ujambazi wa mifugo, na jeshi likatumwa kusaidia polisi.

Sisemi haya ili kumtisha mtu. Sehemu kubwa ya kaunti ilikuwa imetulia siku zote hizo. Nanyuki ilifanya biashara kama kawaida. Nasema kwa sababu ramani ya matukio haya hurudia palepale: pale ambapo vipande vya wenyewe wasiokuwapo vinakutana na njia ya mifugo ya kiangazi. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wanakufa haoni mpaka wa ekari yako katikati ya ekari 300 zisizo na mtu. Nyuma yake kuna wenye bunduki na wenye siasa, ambao mara nyingi ng'ombe hao ni wao, na hao hawana uhusiano na njaa ya mtu yeyote. Lakini mfugaji wa kawaida wa Mukogodo au Samburu si adui wa mkulima. Yeye ndiye mjuzi wa kwanza wa mwaka mbaya katika nchi hii, na ujuzi wake ni kuhama. Wewe unakuja na ujuzi wa kukaa. Mnaweza kuishi pamoja ikiwa mtazungumza kabla ya kiangazi, na mazungumzo hayo hufanyika: mabua baada ya mavuno kwa malipo yanayokubalika, njia ya kwenda majini iliyoachwa wazi, mzee wa kijiji na chifu wakijua. Uzio wenye umeme bila mazungumzo umevunjwa mara nyingi.

Kwa hiyo kipimo changu ni kinyume cha kile cha Marekani. Hesabu moshi. Panda kilima cha karibu saa 12 jioni, uhesabu ni majiko mangapi yanafuka moshi kati yako na upeo wa macho. Yakiwa mengi, kuna watoto wa shule, kuna mama wa kukuazima chumvi, kuna kijana wa kupiga mbiu usiku, kuna chama cha kuzikana na kuchangiana ada, kuna kikundi cha usalama cha Nyumba Kumi kinachokutana kweli. Usiwe na aibu ya kujiunga na vyote. Pasipo na moshi, rudi nyuma hata kama bei ni nusu.

Ndovu nao ni majirani. Laikipia na Samburu zina kundi la pili kwa ukubwa la ndovu nchini Kenya, na mahindi yanayokaribia kukomaa huwavuta kutoka mbali. Kuna uzio wa umeme wa kilomita nyingi upande wa magharibi, unaosaidia pale unapotunzwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia ya mazao na ya uhai, lakini madai huchukua muda mrefu, na ghala huwa tupu leo. Uliza wanaolima hapo wamelala shambani mara ngapi msimu uliopita. Wakicheka kwa uchovu, umepata jibu.

Kuhusu hati nitakuwa mfupi, maana sura nzima ya saba ni ya hilo. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi si hati miliki. Vipande vingi bado viko kwa jina la babu aliyefariki na warithi hawajaenda mahakamani. Usilipe kabla ya urithi kukamilika. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, tembea na mpimaji uone alama za mipaka kwa macho, na upate kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kwa sababu mauzo ya shamba bila kibali hicho ni batili. Kaskazini, kuanzia Dol Dol, ardhi nyingi ni ya jamii chini ya sheria ya 2016, na mtu mmoja hawezi kukuuzia hata akiwa na mhuri wa rangi ngapi. Huko pia mpungate ulioletwa wakati wa ukoloni kuwa ua umekula malisho makubwa, na ng'ombe wanaoula huumizwa vinywa na miiba yake. Hata kama ungeuziwa kihalali, si mahali pa mgeni kujifunzia.

Basi ningenunua wapi? Kwa mtu anayetaka kuishi kwa shamba lake na kustahimili misimu mitatu iliyoshindwa, ningetafuta ekari tano kwenye udongo mwekundu, katika mkanda wa juu: Marmanet upande wa magharibi, au maeneo ya juu ya Ngobit kuelekea Aberdare, au Umande chini ya mlima ikiwa jumuiya ya maji ina nidhamu na wewe si wa mwisho kwenye bomba. Mahali penye moshi wa jioni. Ningepanga nyumba ya bei ndogo kijijini humo kwa mwaka mzima kabla ya kununua, kiangazi chote kikiwemo, na kama bado wazee wa pale wananisalimu kwa jina mwisho wa mwaka, ningelipa. Singenunua uwanda ulio wazi kaskazini mwa Rumuruti kwa bei yoyote, hata kama mandhari yake ndiyo mazuri kuliko yote.

Kitu cha kwanza kujenga kisiwe nyumba. Kiwe paa, hata la banda tupu, na tangi la lita 30,000 chini yake, lijengwe kabla ya masika ili lianze kujaa mvua ya kwanza. Nyumba inaweza kungoja Oktoba.

Na asiyeweza kufikia ekari tano Laikipia asijilazimishe. Mvua haijui mpaka wa kaunti. Ekari mbili ng'ambo ya pili, Nyandarua au sehemu za Nyeri zinazopakana na Aberdare, zina udongo mzito, baridi ya kuunguza viazi usiku wa Januari, na majirani bega kwa bega. Bei yake kwa ekari ni kubwa zaidi. Lakini mwaka 2022, wakati ghala nyingi za uwandani zilikuwa zimefagiwa, huko kulikuwa bado na viazi vya kupeleka sokoni Nyahururu.